Pumzi Iliishia Wapi?

Nakumbuka wiki ile, mwanangu, kwa sababu mama yangu hakuketi. Tangu tumzike baba hapa Matinyani, Kitui, alikuwa akizunguka tu: jikoni, zizini, mpakani mwa shamba, jikoni tena. Baba mdogo alikuwa amepata mnunuzi wa shamba letu, na Alhamisi wangekuja kulipima.

Mama alipomkataza, baba mdogo alicheka. "Shemeji, uko na cheti cha kifo? Hauna. Basi korti itakusikiza aje? Kwa serikali, ndugu yangu bado anauza dukani kwake."

Kweli, bila cheti mama hangeweza kwenda kortini kudai urithi. Kibali cha mazishi, karatasi ya kuombea cheti, kilikuwa kimepotea kwenye pilikapilika za matanga, nami kijana nilidhani rekodi za vifo ni siri ya serikali, si za kuulizwa na mtu kama mimi. Lakini kukaa kulinishinda. Nikaenda ofisi ya usajili Kitui mjini. Walinipokea vizuri, wakatafuta jina la baba, wakalikosa. Kesho yake nikarudi, wakalikosa tena. Nikafika nyumbani, nikaanza kuzunguka kama mama.

Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alikuwa akichambua ndengu. Akaniuliza baba alifia wapi.

"Susu, si kaburi lake liko hapo nje?"

"Sijauliza kaburi. Kaburi tulichimba sisi. Nauliza pumzi yake iliishia wapi."

Iliishia Sultan Hamud, kule Makueni, dukani kwake. Sisi Wakamba mtu wetu akifia mbali tunamrudisha, na akishalala katika udongo wa kwao tunahesabu kwamba ametuachia kila kitu hapo. Kumbe kifo huandikwa kilipotokea. Susu akanikemea polepole: "Umeichosha miguu kabla ya kuiambia inaenda wapi."

Kulipokucha nilielekea Makueni. Nikataja jina na mahali. Jirani wa duka alikuwa amepiga ripoti kwa naibu wa chifu wa kule, na baba alikuwa ameandikwa. Nikaomba cheti, nikapewa.

Alhamisi mnunuzi alifika na kamba yake ya kupimia. Mama akamwonyesha cheti, akamwambia anaenda nacho kortini. Yule bwana akaanza kukunja kamba. "Mimi nanunua shamba," akamwambia baba mdogo, "sinunui kesi."

Walipoondoka, mama aliketi mlangoni, cheti mapajani, ndipo akalia.

Kwa hivyo, mwanangu, ukifiwa, lia, lakini piga ripoti mapema, na kibali ukiweke pema. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na shamba vilevile. Usiiogope ofisi: kuuliza si ujinga, na jina la marehemu wako si siri kwako. Anza kuuliza pale alipofia.

Mungu akupe miguu inayojua inakoenda, na siku ya machozi akupe mahali pa kuketi.