Mtambo Ukianguka, Na Useme Kilichouangusha

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua, mvua yetu hii ya Tukuyu isiyojua kupiga hodi, Atupele aliingia kwenye karakana yetu pale Ibighi huku analia. Mwanangu, usidhani nimeanza habari za kizee. Jana nimeona ulivyoandika kwenye programu yako "hitilafu imetokea", basi, ukafunga kompyuta ukaenda kula. Hitilafu gani? Wapi? Vuta kigoda ukae, chai ipo.

Atupele alikuwa msimamizi wa kituo cha kukusanyia maziwa kule Lufingo. Maziwa ya wafugaji yalitiwa kwenye tangi la kupozea, na tangi liliongozwa na kompyuta ndogo tuliyoitengeneza sisi. Kompyuta ile ikaingiwa na ugonjwa: inazima ghafla, tangi linaacha kupoza, maziwa yanachacha. Atupele akikuta hivyo anazima swichi, anawasha, inaamka buheri wa afya kama haijawahi kuumwa hata mafua. Wafugaji wakaja na lao, kwamba binti huyu anapiga soga na kusahau mtambo. Mkutano wa kumwondoa ulikuwa umeshaitishwa.

"Fundi, mimi sijazembea," aliniambia. "Wakinifukuza kwa jambo hili, nani ataniamini tena Lufingo?"

Mimi kijana, damu inachemka, nikaja na dawa yangu. Nilitaka kiini cha mfumo, yaani ile programu ya chini kabisa inayoziamuru nyingine zote, kijiwashe chenyewe kila kikianguka. Haraka, kimya, mtu asijue. Nikampelekea wazo hilo bosi wangu, Bi Mwanahamisi. Mama huyu, wazee wake walitoka pwani kuja kuuza nguo hapa Tukuyu, yeye akachagua kompyuta, na kiini kile alikiandika mwenyewe. Alinitazama juu ya miwani.

"Wewe si Mnyakyusa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu mtu akifa, mnazika kabla msemaji wa ukoo hajasimama kueleza marehemu aliuguaje?"

"Hapana, mama. Watu watanuna."

"Sasa mbona wewe unataka kuzika kimyakimya? Kila Atupele anapowasha upya, kumbukumbu yote ya kifo inafutika. Dawa yako ni kuifuta haraka zaidi! Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kitamuumbua binti wa watu."

Loo! Dawa yangu nikaitupa palepale.

Tukaacha kutibu, tukaanza kusikiliza. Kiini kile kilipoanguka kilikuwa kikisema "mfumo umesimama" tu, kama wewe jana. Tukakifundisha kwamba kabla hakijazima, kiseme kilikuwa kwenye kazi gani, nani aliyekituma kazi hiyo, na mambo gani ya mwisho kiliyoyafanya. Mimi nikataka kiandike kila kitu. Bi Mwanahamisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtu anakata roho, wewe unamdai hotuba?" Akanieleza kwamba kiini kinachoanguka hakiwezi kujiamini. Kikianza kutafuta nafasi ya kuandikia, au kuomba msaada kwa programu nyingine, kitaanguka mara ya pili na hata lile neno moja tutalikosa. Basi tukakitengea kona mapema, kingali kizima, kona isiyofutika umeme ukikatika, na maneno machache yanayotosha. Wosia huandaliwa mtu akiwa na nguvu zake, mwanangu.

Tukaurudisha mtambo Lufingo, tukakaa tunaomba ufe. Fikiria dua hiyo! Ukafa, na siku ya mkutano ilikuwa imekaribia. Atupele akatuletea ile kompyuta kaifunga kwenye khanga, tukasoma. Joto la bomba la kupozea lilikuwa limeshuka chini ya sifuri, kipimajoto kikaongeza alama ya kutoa mbele ya namba. Jibu likawa refu kuliko nafasi iliyotengwa kwenye kiini kulipokea, likamwagikia kumbukumbu za jirani na kuvuruga kila kitu. Na sehemu ya programu iliyotenga nafasi ile ilitajwa kwa jina lake. Ilikuwa mistari ya Bi Mwanahamisi mwenyewe.

Bosi wako utamwambia nini? Yeye akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Nyani haoni kundule," akasema, "ila huyu wa leo ameonyeshwa." Angeweza kurekebisha kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Atupele angefukuzwa, na sisi tungebaki mafundi hodari.

Badala yake Bi Mwanahamisi alikwenda mkutanoni Lufingo na kusimama mbele ya wafugaji wote. "Binti huyu amewaambia kweli tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kwenye kazi yangu mimi. Nimelipata, nimelirekebisha. Namwomba radhi mbele yenu, nanyi mwombeni." Mzee mmoja aliyekuwa amepiga kelele kuliko wote aliinuka, akamshika Atupele mkono, "Tusamehe, mwanangu." Atupele akamkumbatia Bi Mwanahamisi, "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Nami nililia. Cheka tu, nililia.

Sasa sikia. Usiujenge mtambo wa kukufichia aibu. Uandalie pa kusemea ungali mzima, na useme jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi. Mtu akikulalamikia, uliza kabla hujawasha upya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya mtu kama Atupele mara nyingi imo mikononi mwa fundi asiyemjua. Na siku ushahidi utakapotaja jina lako, usingoje mwingine akusomee.

Nakupenda, ndiyo maana nakusumbua. Mungu akupe mikono isiyokosea mara kwa mara, na ikikosea, akupe miguu ya kufika Lufingo na kinywa cha kusema, "Ni mimi."