Maji Aliyoyakataa Baba

Enzi zetu (ndiyo, nina miaka kumi na saba na bado nachapwa kwa kuchelewa mstarini, lakini enzi ninazo), kijiji chetu cha Songwa hakikuwa na mtoto asiye na ringi ya baiskeli. Tulizisukuma kwa kijiti, vumbi hadi kwenye kope, mifukoni michembe, viazi vilivyokaushwa, migumu kama kokoto, namba za mashindano tumezikata kwenye majalada ya madaftari. Pacha wangu Kulwa alikuwa bingwa wa taifa kila jioni. Mimi Doto nilikuwa bingwa wa kuanguka. Watoto wa leo wanaendesha baiskeli kwa kidole gumba, kwenye simu, na bado wanalalamika wamechoka.

Mwendeshaji wa kweli alikuwa baba. Alibeba abiria kwa baiskeli mjini Shinyanga. Tulipokuwa darasa la tatu, mashindano ya taifa yakapitishwa barabara yetu. Akishinda, anaingia timu ya taifa. Akang'oa keria, akaanza mazoezi. Hofu yake ilikuwa moja tu: kutiliwa dawa ya kulogwa. Kwetu anayeshindana, awe mcheza ngoma au mwendesha baiskeli, hanywi kitu asichojua kilikotoka.

"Maji nitapokea kwa mama yenu tu," alituambia. "Hata akija malaika na chupa, mwambieni apite."

Wakakubaliana mama asimame darajani saa tano.

Saa nne na nusu, mimi na Kulwa tukiwa tayari darajani, tukasikia kelele. Baba alikuwa mbele, peke yake! Hakuwahi kwenda kasi vile. Mama alikuwa bado nyumbani, anajaza chupa.

"Kanyaga, Baba Kulwa! Waache wale vumbi!" watu wakashangilia kando ya barabara.

Midomo ya baba ilikuwa imekauka, nyeupe. Msimamizi wa mashindano akamnyooshea chupa, akaikwepa. Nikachota kikombe kwenye ndoo ya muuza machungwa, nikakimbia naye.

"Baba, ni mimi, Doto!"

Akanitazama. "Umeyatoa wapi?"

Hakungoja jibu.

Alianguka utepe wa mwisho ukionekana. Wakamleta nyumbani ndani ya pikapu, yeye na baiskeli wamelazwa pamoja. Mama alilia kana kwamba kasi ile ilikuwa kosa lake. Baba hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lilituumiza zaidi. Keria akaifunga tena.

Mwaka huu mashindano yamepita tena. Vijana wa sasa wananyakua chupa ya yeyote, funda moja mdomoni, yanayobaki kichwani. Nilitaka kuwacheka, nikashindwa. Baba hakutoka nje. Kelele zilipofika usawa wa nyumba yetu, akauliza kutoka ndani:

"Nani yuko mbele?"

"Simjui, baba."

"Ana mtu wa maji?"

"Anao wengi."

Akavuta pazia.