Mbuzi Aliyekula Ushindi Wetu

Harufu ya kokwa za tende zikichemka pamoja na dagaa wakavu, mtu wa Ibra, huku kwetu Oman, haisahau hata akifa; atafufuka akipiga chafya. Ndicho chakula cha mbuzi, na uani kwetu kilichemka kila siku kwenye sufuria kubwa, ungeweza kumwogesha ngamia humo na nafasi ikabaki. Mimi shule sikuikalia. Hesabu yangu yote nimejifunzia kwenye kokwa, mwaka ule tulipocheza nage na wasichana wa Samad, mji wa jirani. Mchezo huo mama zetu walikuja nao kutoka Unguja: wawili wanarusha mpira wa matambara, mmoja yuko kati anakwepa. Mpira ukikukosa, kokwa moja inatiwa kwenye kikapu cha upande wenu. Ukikupata, umetoka, anaingia mwenzio.

Ijumaa ile Samad walitangulia, na kokwa zao zikahesabiwa mbele ya wote: thalathini na nane. Tukaingia sisi. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikakwepa mpaka upepo wenyewe ukaniomba radhi. Mara baba wa mmoja wao akapiga honi ya pikapu, wakapanda mbio, kikapu chetu hakijahesabiwa. Rayya, mkubwa wao, akapiga kelele kutoka nyuma ya gari: "Tutahesabu Ijumaa ijayo!" Nikahesabu mwenyewe mara tatu. Arobaini na moja! Nikakiweka kikapu jikoni, nikalala natabasamu wiki nzima.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Alkhamisi bibi yangu akaziona zile kokwa, akafanya ambalo bibi yeyote wa Ibra angefanya: akazitia sufuriani. Nilipofika, mbuzi alikuwa anajilamba midomo.

"Bibi! Umempa mbuzi ushindi wetu!"

"Ushindi gani, mwanangu? Mie nimeona kokwa. Mwache ale, maziwa yatazidi."

Ijumaa Rayya akasimama, mikono kiunoni. "Haya, zenu ngapi?"

"Arobaini na moja, wallahi."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. "Wewe Asha, juzi ulituambia kwenu kuna jogoo anaadhini. Leo tukuamini, na shahidi wako mbuzi?" Hayo ningeyameza. Lakini nilipowageukia wenzangu, wa upande wangu mwenyewe, wote walikuwa wanatazama chini. Hapo ndipo paliponichoma. Mwongo siku akisema kweli, hana pa kuiweka.

"Basi rusheni mpira," nikasema. "Naingia peke yangu, tunaanza na sufuri. Hesabuni nyinyi, tena kwa sauti."

"Ukipigwa kabla hujatupita, khalas, tumeshinda sisi."

"Khalas."

Jua la siku ile, kuku walitaga mayai yaliyokwisha iva. Mpaka ishirini nilikuwa nawatania. Baada ya ishirini nikanyamaza, na waliokuwepo wanasema hilo ndilo lililokuwa la ajabu kuliko yote. Goti likachubuka, mtandio ukaanguka, sikuuokota. Ilipofika thalathini na nane, Rayya akamnyang'anya mwenzake mpira, akalenga miguu. Nikaruka. Ukapita chini yangu, nikausikia upepo wake kwenye nyayo.

Rayya mwenyewe akahesabu, polepole: "Thalathini na tisa." Uliofuata ulinipiga begani, nikaanguka nacheka. Akaniletea maji. "Hizi tumeziona," akasema. "Zile arobaini na moja ni zako na mbuzi."

Siku hizi wajukuu zangu wakicheza, simu inawekwa juu ya gari, inawapiga picha. Wakibishana wanairudisha nyuma, ugomvi umekwisha kabla haujakolea. Ni neema, siikatai. Ila sijamwona hata mmoja wao aliyelazimika kurudi kati, juani, kulisimamisha neno lake kwa miguu yake. Mimi nimezeeka na tabia yangu ile ile: mbuzi yule sasa nikimsimulia ni mkubwa kuliko pikapu. Wajukuu hunichokoza, "Bibi, si useme hamsini tu, nani atajua?" Nawajibu mbuzi nitamnenepesha nipendavyo, na jua nitaliwasha nitakavyo. Lakini thalathini na tisa haiongezwi hata moja.