Baiskeli ya Katekista

Kiangazi hiki nilichukua baiskeli ya marehemu baba, nikashika barabara ya Walungu kwenda kuona makanisa ya zamani alikofundisha katekisimu. Nyumbani nilisema nakwenda kuangalia majengo. Uongo. Nilitaka kuona zilikoishia Jumapili zetu, maana siku hiyo baba hatukuwahi kumwona.

Kanisa la tatu lilikuwa la matofali, bati limeliwa na kutu, vumbi limejaa hadi altareni. Nilipoegemeza baiskeli ukutani, maman mmoja mzee aliacha kufagia. Mimi hakunitazama. Aliitazama baiskeli, akaigusa kengele.

"Hii iko ya papa katekista," akasema, machozi yakimlengalenga.

Akaniketisha kwenye benchi, akaanza kunisimulia habari za baba, papa wao. Papa alikuwa anaimba na watoto wa hapa. Papa alijua jina la kila mmoja, hata wachanga. Mtoto akiugua, Papa alipiga magoti kando ya kitanda mpaka homa ishuke.

Nilisikiliza nimenuna, mtu mzima na mvi zangu. Nyumbani alirudi amechoka, akala, akalala. Majina yetu aliyachanganya. Mimi aliniita kwa jina la mdogo wangu hadi nikazoea kuitika. Wimbo wake hata mmoja siujui.

"Na wewe, uko nani yake?" maman akauliza.

"Mutoto wake. Wa kwanza."

Aliegemea ufagio, akanikagua usoni kwa muda mrefu.

"Mutoto? Papa alituambiaka batoto yake ni sisi."