Haja ya Mama Nshombo Iko Kubwa

Boksi ya kliniki ilifika Alhamisi, na Clémence akaifungua na meno, haraka yote ile. Ndani hamukuwa ile kitu waliomba. Mulikuwa chupa sita za dawa ya kuendesha. Sita nzima! Ile ya unga, unakoroga, unakunywa, unaanza mbio ya choo.

"Papa Charlotte! Kuya uone matusi!"

Zihindula, bwana yake na baba ya Charlotte wao, akageuza chupa, akasoma, akacheka. Ooh, alichagua siku mbaya ya kucheka.

"Tuliomba kitu ya mikojo ya mama yako," Clémence akamuambia, "wanatuma ya kumuharisha. Mutu miguu yote mbili imekufa, wanataka akimbie wapi? Na weye uko unacheka?"

"Bon, nimeacha."

Ilikuwa 2015, pale Newburg, Louisville, Amerika. Clémence alikuwa mushonaji tangu Bukavu, na sasa anashona viti vya gari kwenye fabriki moja. Hasira alizaliwa nayo, lakini mwaka ule ilinona. Mama mukwe wake, Nshombo, alipigwa na ugonjwa wa kupooza, akabakia na mukono moja ya kuume. Pampers zilimuchoma mapaja mpaka ngozi ikatoka. Hospitali ikampa kale kakopo ka plastiki ka kukojolea, kenye mudomo mugumu kama bati. Aliyekatengeneza hajawahi kukakalia hata dakika moja, Clémence aliapa.

Na kuna aibu. Kwao, kabila ya Bashi, muke wa mutoto kuona uchi wa mama ya bwana yake, hapana, haisemwe. Kila mara Clémence akimubadilisha, Nshombo anaangalia ukuta, machozi inashuka bila sauti. Donc, mama akapata dawa yake mwenyewe: akaacha kunywa maji. Midomo ikapasuka. Akaanza kuzungumuza na watu waliokufa.

Na baada ya wiki tatu, Gentille, kitinda mimba wa Nshombo, anaolewa Buffalo. Masaa tisa ndani ya gari.

"Mimi siende," Nshombo akasema. "Niende kunuka mbele ya bakwe? Mutamubariki kwa niaba yangu."

Gentille akalia kwenye simu: bila mama hakuna arusi, ataghairi tu.

Ile dawa yenyewe sasa, sikia ilivyotoka. Juma moja kabla ya boksi kufika, kliniki ilipiga simu na mutafsiri, mama mwenye Kiswahili safi ya redio. Clémence akaweka sauti juu, akaendelea kukaanga samaki.

"Je, mama, unapata haja ndogo mara ngapi kwa siku?"

"Haja ndogo?" Nshombo akashangaa. "Sina haja ndogo. Haja yangu iko kubwa! Tangu miezi tatu naomba, na haitoke."

"Haitoki kabisa?"

"Kabisa!"

Clémence alipiga makofi na mwiko mukononi. "Mama umesema vizuri! Waambie!"

Sasa mbele ya chupa sita, akasema, "Kama hawajue kushona, nitashona mimi."

Akanunua chombo cha kuokea keki, ile ya mupira laini. Akaikata, akaikunja kama entonwari ya kumiminia mafuta kwenye chupa, lakini mudomo mupana, wa kulala kwenye ngozi bila kukata. Chini akatia mupira wa kupitisha maji mpaka kwenye mufuko wa mikojo wa farmasi. Yote akaiweka ndani ya muto wa sponji, wenye kitambaa cha kutoa na kufua, na kila kipande kinaoshwa na sabuni na siki. Pembeni akashonea mukanda wa kuvuta na mukono moja.

"Juu ya nini mukono moja?" Zihindula akauliza.

"Ajiwekee mwenyewe. Mimi nisione kitu."

Wa kujaribu? Clémence mwenyewe! Akakunywa chupa mbili za maji, akakalia ile muto kwenye gari, wakazunguka bustani ya Iroquois mara tatu. Wee! Kiti ikalowana yote.

"Mupira ulipanda juu kidogo, njo maana," Zihindula akasema, ameuma mudomo asicheke. "Mikojo haipande mulima."

"Nyamaza uendeshe."

Akaishonoa, akainua muto nyuma, akaushusha mbele. Mara ya pili, kavu. Mara ya tatu, kavu kama Biblia.

Ijumaa ya safari, Nshombo akakubali kupanda gari, lakini maji akakataa. "Muto ni muzuri. Lakini siujue bado." Masaa matatu na nusu, mudomo mukavu, mpaka Gahanna, pale Columbus, kwa Wanza, Mkenya muuguzi ambaye zamani aliimba kwaya moja na Zihindula. Clémence hakungoja hata chai. Akatoa karatasi ya kliniki, alitembea nayo kwenye sakoshi kama mutu mwenye kesi.

"Soma. Wanatutukana juu ya nini?"

Wanza akasoma. "Wameandika mkojo hauna shida. Choo kigumu, miezi mitatu."

"Nani alisema?"

"Mgonjwa mwenyewe."

"Mimi?" Nshombo akarusha mukono yake moja. "Niliulizwa haja ndogo, nikajibu haja yangu iko kubwa!"

Wanza akafunika mudomo. "Woi, Mama. Haja ndogo ndiyo mkojo. Haja kubwa ni… ile nyingine."

Zihindula akatoka nje kuangalia tairi.

"Na juu ya nini mutafsiri hakusema mikojo?" Nshombo akauliza.

"Ni heshima, Mama."

"Heshima!" Clémence akapiga meza. "Mama anakauka kama samaki ndakala kwenye jua, juu ya mutu anaogopa neno moja! Hata mimi kliniki nilikuwa nawaambia tu 'ile mambo ya mama', 'ile mambo ya mama'…"

Hapo akajisikia mwenyewe: hata yeye aliliogopa lile neno.

Nshombo akanyoosha mukono. "Lete simu."

Wakapiga kliniki. Mutafsiri alipoanza tu salamu, Nshombo, yule aliyelilia ukuta, akapandisha sauti mpaka jirani akafungua dirisha: "Mikojo! Andika. MI-KO-JO! Dawa yenu mukunywe nyinyi!"

Akakata. Akamugeukia Wanza. "Mwanangu, nipe maji."

Akakunywa bilauri mbili, Clémence anahesabu kila funda. Masaa matano ilikuwa imebakia.

Buffalo wakafika na jua bado iko. Nshombo akavuta mukanda chini ya kitenge, akatoa mufuko umejaa, akamupa Clémence akimuangalia machoni. Ukuta hakuutafuta. Kitenge ilikuwa kavu, mbele na nyuma.

Gentille akakuja mbio. "Mama yangu! Unataka nini? Sema!"

"Leo niko na haja ndogo tu," Nshombo akasema. "Munipe maji ingine."