Mama Hapumzishwi kwa Kukalishwa

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, maana ndiyo asubuhi niliyomkuta Tata amekalishwa. Nasema amekalishwa, sisemi amekaa. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, na huyu wangu, dada ya baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka Uingereza, na hata masanduku sijayafungua yote, nikapanda kwenda kwake kule juu ya Njoro kwenye mashamba ya ngano. Nikamkuta kwenye kochi jipya, blanketi magotini, runinga kubwa ukutani ikipiga kelele za watu asiowajua. Gumbutu zake, viatu virefu vya mpira vya zizini, ambazo tangu utoto wangu hazikuwahi kukosekana mlangoni, hazikuwapo.

"Mwangi, ng'ombe wamekamuliwa?" akaniuliza.

"Wamekamuliwa, Tata. Kijana wenu wa zizini ameshamaliza."

Tukaletewa chai. Kabla haijapoa, akaniuliza tena kama ng'ombe wamekamuliwa. Nikamjibu kwa sauti ileile.

Wala usidhani alikuwa ametupwa. Mwanawe Kamau, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru mjini, ndiye aliyemfanyia yote yale, na alimfanyia kwa mapenzi. Unajua desturi yetu huku. Mtoto aliyefaulu hujulikana kwa mama yake asiyegusa kitu. Majirani wakipita wanasema, yule mama amepumzishwa, na kijana anatembea kifua mbele. Kamau aliajiri mtu wa kukamua, akaajiri msichana wa kupika, akaweka tangi la maji karibu na jikoni ili mama asibebe hata ndoo. Mama alibakiwa na kazi moja tu, kukaa. Sifa zikamwendea Kamau, kutu ikamwendea mama.

Siku hiyohiyo Kamau akaniambia mpango wake. Ngano ikishavunwa atauza ng'ombe, ampeleke mama kwenye fleti yake mjini, orofa ya juu kabisa.

"Juzi aliacha gesi ikiwaka akatoka nje," akasema. "Nifanye nini, Mwangi? Ningoje aungue?"

Tata alikuwa amesikia. Alisema jambo moja tu, bila kututazama: "Mkinitoa hapa, sitajua niko wapi."

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana anayekuambia si mtu wa kuokota maneno sokoni. Mimi niliondoka Njoro na sanduku moja. Sikubebwa na mjomba, sikubebwa na mwanasiasa. Niliwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nchi ya baridi, na jioni nikaingia darasani na watoto wa umri wa kuwazaa, mpaka nikapata diploma ya utunzaji wa wazee. Imetundikwa sebuleni kwangu mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Nyumba yenyewe ina vigae vyekundu, na ukipita barabara ya kwenda Mau Narok huna haja ya kuuliza ni ya nani.

Kule kazini kulikuwa na mkufunzi mmoja ambaye hakupenda kuwaona wazee wamepangwa mbele ya runinga. Aliwasimamisha duara akawarushia mpira, na kila anayeudaka sharti ataje mnyama ambaye hajatajwa. Nilimwona bibi mmoja aliyekuwa kimya tangu aletwe akidaka na kusema "kiboko", halafu akacheka mpaka tukamletea kiti. Mkufunzi yule alitufundisha kwamba miguu ikifanya kazi, damu inatembea mpaka kichwani, na kichwa nacho kikipewa kazi yake, vinanoana. Kutembea peke yake ni kuzuri. Mafumbo ya gazetini peke yake ni mazuri. Lakini vifunge pamoja kama ng'ombe wawili wa plau, na shamba gumu linaanza kulimika.

Basi nikamwambia Kamau, "Nipe mama mpaka ngano ivunwe."

"Huyo ni mama, Mwangi, si mwanafunzi wako. Akianguka je?"

"Akianguka nitakuwa kando yake. Akiendelea kukaa, ataanguka akiwa kwenye kochi."

Hatukukurupuka. Kwanza nilimpeleka hospitali akapimwa presha, sukari, macho na masikio, maana kuna kusahau kunakotokana na ugonjwa wenye dawa. Daktari akaruhusu matembezi, akasisitiza viatu imara na mwendo wa taratibu. Mwenda pole hajikwai. Gumbutu zikatafutwa, zikapatikana nyuma ya ghala.

Tulitembea kutoka langoni hadi josho la ng'ombe, mlima kidogo, na kurudi. Kazi ya kichwa nilimpa majina. Kwetu jina haliokotwi. Kijana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Kwa hiyo ukoo mzima ni kama njia, ukimjua mmoja unaweza kumfikia mwingine. Nikawa namuuliza tukipanda: kijana wa pili wa binti yako Njeri anaitwa nani, na ameitwa kwa nani?

Mwanzoni ilikuwa shida, sitakuficha. Akifikiri, miguu inasimama. Akitembea, jina linapotea. Alikasirika akaniambia diploma yangu ina maswali mengi kuliko polisi. Lakini kesho yake alikuwa langoni kabla yangu. Haba na haba, miguu ikajifunza kuendelea wakati kichwa kinatafuta. Majina ya kwenda mbele yalipokuwa mepesi, tukaanza kurudi nyuma, kutoka kitukuu mpaka bibi wa bibi.

Vijana wa bodaboda pale njia panda walimzoea, wakamwita Shosho, yaani bibi.

"Shosho, sasa? Unajiandaa kwa mbio gani?"

"Mbio za kukukimbia wewe," akamjibu aliyeuliza. "Umekaa kwa pikipiki mpaka tumbo imekutangulia nyumbani."

Wenzake wakampigia honi, naye akaendelea kupanda, fimbo mkononi, akitaja watoto wa kifungua mimba wake Karanja mmoja mmoja.

Halafu akanizidi mwendo. Bila kuniuliza alijiunga na akina mama wa kanisani waliokuwa wakijifunza wimbo mpya wenye hatua za kucheza. Nasema wimbo mpya, si ule wa zamani ambao mdomo unauimba wenyewe. Wakienda kushoto, yeye alikwenda kulia, wakacheka, akacheka nao, wakarudia. Akadai pia ng'ombe mmoja awe wa kukamuliwa na yeye mwenyewe. Mwanangu, nimeishi na mashujaa wa kila rangi, na mimi mwenyewe si mtu mdogo, lakini sijaona ushujaa kama wa mtu wa umri ule kukubali kukosea mbele ya watu ili ajifunze.

Ngano ikavunwa. Kamau akaja na mnunuzi wa ng'ombe mwenye pikap.

"Kabla hujapakia chochote," Tata akamwambia, "nisindikize mpaka joshoni." Mnunuzi akaachwa na chai. Mimi nikafuata nyuma.

Walipofika kwenye kilima, Tata akanyoosha mkono. "Njoroge, nishike hapa."

Njoroge alikuwa mumewe, baba ya Kamau, na tulimzika zamani. Kamau akanigeukia, na macho yake yalisema yote: unaona sasa? Nikaona fleti, nikaona orofa ya juu, nikaona kochi.

Tata aliona uso wa mwanawe. Hakusimama. "Usiniambie," akasema. "Nyamaza." Akaendelea kupanda huku anasema kwa sauti ya chini: "Njoroge tulimzika. Kijana wa kwanza akachukua jina la babu yake, baba wa Njoroge. Huyo ni Karanja, yuko Kericho. Wa pili anachukua la baba yangu. Baba yangu ni Kamau." Akavuta pumzi. "Wewe ni Kamau. Na unahema kama ndama mwenye homa. Nishike mkono, twende."

Kamau akaushika, na hakuuachilia mpaka waliporudi langoni. Mnunuzi alimaliza chai yake akaenda na pikap tupu.

Bado Tata anasahau. Sikudanganyi kwamba nimemponya, hata diploma yangu haidai hivyo, na wataalamu wenyewe wangali wanachunguza. Gesi sasa inawashwa na msichana wa jikoni. Lakini yuko kwake, anajua yuko wapi, na Jumapili Kamau huja kutembea naye, na sasa Kamau ndiye anayeulizwa maswali.

Kwa hiyo, mwanangu, usione fahari kumkalisha mzazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mpunguzie mzigo, usimnyang'anye kazi. Mpeleke kwa daktari, kisha mtoe nje. Mtembeze na umuulize, mchezeshe na umfundishe kitu ambacho hakijui, na uwe kando yake akijikwaa. Na wewe mwenyewe usingoje mvi, anza sasa, maana uzee hauanzi siku unapoitwa mzee.

Mungu akujalie miguu ya kukufikisha, na kichwa cha kukumbuka ulikokuwa ukienda. Na jina lako likipotea kinywani mwa mama yako, akujalie subira ya kutembea naye mpaka alipate.