Nilianza na Sifuri

Chumba cha brashi, ambako nyuzi kavu husuguliwa kwa mashine, katika kiwanda cha mkonge nje ya Korogwe, kilikuwa na feni moja ya kutoa vumbi, nayo ilikufa mwezi uleule mwekezaji alipopewa shamba. Dada yangu alifanya kazi kwenye mashine ya kona ya mwisho, kitambaa kimefungwa puani. Alikuwa ameshaanza kukohoa.

Meneja mpya aliagiza feni nyingine. Mimi, fundi wa karakana, nilimwomba tundu la feni ukutani lihamishiwe upande wa kona ile.

“Tundu la zamani lina ubaya gani?”

“Liko karibu na dirisha, mzee. Hewa inaingia na kutoka palepale. Kona haifikiwi.”

“Unajuaje? Ijumaa fundi wa saruji anakuja. Niletee hesabu kwenye karatasi kabla hajafika.”

Hesabu za mwendo wa hewa nilijifundisha katika kitabu ambacho muuza karanga wa Segera alikuwa ameshaanza kukichana kufungia. Unakichora chumba kwa miraba, kila mraba na namba yake. Namba za dirishani na za kwenye feni hazibadiliki; kila namba nyingine unaibadilisha iwe wastani wa jirani zake wanne, kisha unarudia chumba kizima, tena na tena, mpaka namba zitulie. Hapo unajua hewa inapita wapi.

Jumanne dada aliniona na karatasi zangu.

“Jamani, mdogo wangu sasa anahesabu upepo!” aliwaambia wenzake, wakacheka. Kisha akanivuta hadi ukutani. Kwenye kona vumbi lilikuwa nene. Kuelekea dirishani lilipungua kidogokidogo, mpaka plasta ikaonekana. “Anzia hapa. Hapa hewa imelala, pale inakimbia.”

“Dada, hayo ni macho. Hii ni hesabu.”

“Haya, bwana hesabu. Hewa haijasoma. Ingekuwa imesoma, ingenifikia.”

Niliandika sifuri katika kila mraba uliobaki. Niliona sifuri haina upendeleo. Sikuelewa kwamba mahali pa kuanzia hapabadilishi jibu. Panabadilisha urefu wa safari tu. Habari za dirisha zilitambaa polepole kuelekea kona, na kila mzunguko ulinila saa nzima. Ijumaa namba zilikuwa bado zinasogea. Meneja alizitazama, akanirudishia. Feni ikajengewa kwenye tundu la zamani.

Zilitulia wiki iliyofuata, saruji imeshakauka. Kona ilikuwa imekufa, kama dada alivyosema.

Nilirudia yote kwa hasira. Safari hii nilianza na namba nilizokadiria kutokana na vumbi la ukutani, na kila badiliko nikaliongezea nusu yake ili namba zifike upesi. Nilipojaribu kuliongeza mara mbili, namba ziliyumba bila kutulia. Kwa nusu, zilitulia katika mizunguko kumi na mmoja. Ni kazi ya siku mbili. Ningeianza Jumanne ile, Alhamisi ningekuwa mlangoni kwa meneja.

Dada alikaa kwenye kona ile miaka mitatu zaidi, kisha kifua kikamrudisha nyumbani Handeni. Mara ya mwisho nilipokwenda, alikuwa ameegemezwa kwenye mito.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Ile hesabu yako ya upepo, iliisha?”

“Iliisha.”

“Ikasemaje?”

“Ikasema ulivyosema wewe.”

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nilimshikia kikombe cha maji mpaka kikohozi kilipotulia. Kilichukua muda mrefu.